Sahani ngapi kwa siku ili ubaki na laki sita na arobaini?

Ukimuuliza muuza chipsi jana ameuza shilingi ngapi, atakujibu papo hapo. Muulize amebakiwa na ngapi, atageuka kwanza kutazama karai. Mimi nilikuwa hivyo hivyo miezi minane ya mwanzo ya kibanda changu Mbagala. Kila usiku droo imejaa noti za simba zilizolowa mafuta, na kila tarehe ya kodi ya eneo ikikaribia nampigia dada yangu aliyeko Tanga: "Dada, nisukumie laki hapo, Jumamosi nakurudishia."

Biashara haikuwa mbaya. Nilichokosa ni kujua sahani ngapi zinatosha. Nilikuwa nauza mpaka viazi viishe na kulala nimeridhika, kumbe kumaliza ndoo ya viazi si kumaliza gharama. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, kujumlisha, kutoa na kugawanya. Kazi iko kwenye kuzipata namba za kuingiza humo.

Mfano wote hapa ni wa kibanda cha chipsi cha Dar es Salaam. Bei nimezinyoosha kidogo ili hesabu ifuatike. Ukiuza maandazi, sabuni ya maji au vitenge, njia ni ile ile. Badilisha majina na uweke bei zako.

Hatua ya 1: Tenganisha faida na mshahara wako

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Mtu anasema, "Nataka faida ya milioni kwa mwezi," halafu humo humo anatoa nauli, chakula cha nyumbani, ada ya mtoto na mchango wa harusi. Mwisho wa mwezi faida haionekani, anadhani kijana wa kazi anamwibia.

Wewe unayesimama pale kuanzia kumenya viazi mchana mpaka kufunga usiku ni mfanyakazi. Jilipe. Kwenye mfano huu najilipa 400,000 kwa mwezi, na hiyo inahesabiwa kama gharama, sawa na posho ya msaidizi. Faida ni kile kinachobaki baada ya mimi mwenyewe kulipwa. Nataka 640,000 kwa mwezi, ili baada ya miezi michache nifungue kibanda cha pili.

Andika lengo lako kwa shilingi kamili na kwa muda kamili. "Faida nzuri" haigawanyiki.

Hatua ya 2: Jumlisha gharama ambazo zipo hata usipouza sahani moja

Jiulize: mvua ikinyesha jioni nzima asije mteja hata mmoja, bado nitadaiwa nini? Hizo ndizo gharama za kudumu. Za kwangu kwa mwezi wa siku 26 za kazi (Jumapili nafunga) ni hizi:

Kodi ya eneo: 150,000
Msaidizi, 10,000 kwa siku: 260,000
Umeme: 20,000
Maji: 30,000
Ulinzi na taka: 30,000
Leseni na kodi ya serikali, nimezigawanya kwa miezi 12: 40,000
Kuchakaa kwa vifaa: 30,000
Mshahara wangu: 400,000

Jumla: 960,000.

Mistari miwili inahitaji maelezo. Kuchakaa kwa vifaa watu wengi hawakuandiki, kwa sababu hakuna anayekuja kukudai. Lakini kabati la kioo na jiko vilinigharimu 600,000, na najua baada ya kama miezi 20 jiko litakuwa limetoboka na kioo kina ufa. 600,000 gawanya kwa 20 ni 30,000 kwa mwezi. Usipoitenga, siku jiko likitoboka utalinunua kwa pesa ya viazi.

Kodi ya serikali: kwa Tanzania, mfanyabiashara mdogo hulipa kodi ya makadirio inayofuata mauzo yake ya mwaka, kwa awamu nne. Ukishajua kiasi chako, kigawanye kwa miezi na ukiweke humu. Ukiwa Kenya na umo kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, iliyopanda kufikia hapo Julai 2023 kwa wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, usiiweke hapa. Ile inakatwa kwenye kila shilingi inayoingia, kwa hiyo mahali pake ni hatua inayofuata: sahani ya Sh 150 ina Sh 4.50 ya kodi ndani yake.

Hatua ya 3: Tafuta gharama ya sahani moja, kwa kupima

Hatua hii ndiyo ngumu na ndiyo iliyobeba hesabu nzima. Usiikisie. Chukua siku mbili, tatu, upime.

Viazi kwanza. Nilinunua ndoo moja ya lita 20 kwa 18,000. Nikaimenya yote, nikakata, nikaweka kando vilivyooza katikati (vipo tu, hasa mvua zikishika kule Njombe na Mbeya vinakotoka), nikakaanga na kupakua kwa kijiko kile kile cha kila siku, huku mtu mwingine akihesabu. Zikatoka sahani 30. Mimi kabla ya hapo ningeapa ni 40. 18,000 gawanya kwa 30 ni shilingi 600 kwa sahani.

Mafuta hayapimwi kwa siku moja, kwa sababu unaongeza juu ya yale ya jana. Andika tarehe uliyofungua dumu, hesabu sahani zote mpaka dumu liishe, pamoja na yale uliyomwaga yalipokuwa meusi. Dumu langu la lita 20 la 84,000 lilienda sahani 420. Hiyo ni 200 kwa sahani. Mkaa nilipima hivyo hivyo: 150.

Kachumbari, tomato sosi, chumvi na pilipili: 150. Kifungashio na vijiti: 100. Usidharau kifungashio. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania bara, Juni 1, 2019, hakuna tena kufunga chakula kwa kitu cha shilingi mbili tatu.

Kwa hiyo sahani ya chipsi kavu, yaani zisizo na mayai: 600 + 200 + 150 + 150 + 100 = 1,200.

Nauza 2,000. Ninachobakiwa nacho kwa kila sahani ni 800.

Hiyo 800 ndiyo namba ya kukariri. Mteja akinipa noti ya 2,000, shilingi 1,200 si yangu: inarudi sokoni kesho alfajiri. Ni 800 tu inayokwenda kupambana na ile 960,000.

Wateja wako wakilipa kwa simu, angalia pia makato unayobeba wewe, ya kupokea au ya kutoa pesa kwa wakala. Yagawanye kwa sahani uyaongeze hapa. Kwangu wengi bado wanalipa taslimu, kwa hiyo nimeyaacha.

Hatua ya 4: Gawanya

Kanuni ni moja:

Idadi ya kuuza = (gharama za kudumu + faida unayotaka) ÷ kinachobaki kwa sahani moja

Kwangu: (960,000 + 640,000) ÷ 800 = 1,600,000 ÷ 800 = sahani 2,000 kwa mwezi.

Hakiki kwa kurudi nyuma. Sahani 2,000 kwa bei ya 2,000 ni mauzo ya 4,000,000. Toa 2,400,000 za viazi, mafuta na vinginevyo. Toa 960,000. Zinabaki 640,000. Imekubali.

Sasa angalia makosa mawili ninayoyaona kila mara. La kwanza, mtu anagawanya faida kwa bei: 640,000 ÷ 2,000, anapata sahani 320, anafurahi. La pili ni la mtu aliyejitahidi kidogo: anagawanya 640,000 kwa 800 anapata sahani 800, lakini gharama za kudumu amezisahau. Akiuza hizo 800, zitakazobaki ni 640,000 kabla ya gharama za kudumu, na baada ya hizo anakuwa na hasara ya 320,000. Na atakuwa ameuza chipsi za 1,600,000! Huyo ndiye anayesema biashara ina mkosi.

Ukiondoa faida kwenye kanuni, unapata mahali ambapo hupati wala hukosi: 960,000 ÷ 800 = sahani 1,200. Chini ya hapo unakula mtaji. Juu ya hapo kila sahani inakuletea 800 safi.

Hatua ya 5: Ilete kwenye siku

Sahani 2,000 ni namba ya ofisini. Kibandani unahitaji namba ya leo. 2,000 ÷ 26 ni 76.9, kwa hiyo 77 kwa siku. Kurudisha gharama ni 1,200 ÷ 26, yaani 46.15, kwa hiyo 47. Hapa unapandisha juu kila mara, hata kama ni desimali ndogo, kwa sababu hakuna mteja anayenunua sehemu ya sahani.

Lakini siku hazifanani. Jumatatu si Jumamosi, na tarehe 20 si tarehe 2. Badala ya kujipiga kila Jumatatu, tumia wiki: 77 mara 6 ni 462. Mimi naigawanya hivi: Jumatatu mpaka Alhamisi sahani 68 kila siku, Ijumaa 92, Jumamosi 98.

Hatua ya 6: Ukiuza zaidi ya kitu kimoja

Hakuna kibanda kinachouza kavu peke yake. "Dada, zege mbili, kavu moja, pilipili kwa mbali." Zege, yaani chipsi mayai, ina hesabu yake. Trei ya mayai 30 kwa 9,000 ni 300 kwa yai, na zege inabeba mawili: 600. Mafuta ya ziada 100. Ukijumlisha na ile 1,200 unapata 1,900. Nauza 3,500, inabaki 1,600.

Tazama daftari la wiki mbili uone katika kila sahani kumi, zege ni ngapi. Kwangu ni tatu. Basi sahani kumi zinaleta (7 × 800) + (3 × 1,600) = 10,400, wastani wa 1,040 kwa sahani. 1,600,000 ÷ 1,040 ni 1,538.5, yaani sahani 1,539 kwa mwezi, au 60 kwa siku: kavu 42, zege 18.

Umeona? Kutoka 77 mpaka 60, bila kuongeza mteja hata mmoja. Ila wastani huu unayumba. Mwezi wa ada za shule watu wanakunja mkono, zege zinashuka mpaka moja kwa kumi. Wastani unakuwa 880. Ukiendelea kuuza zile zile 60 kwa siku, ambazo ni 1,560 kwa mwezi, utapata 1,372,800, na baada ya gharama za kudumu faida ni 412,800. Foleni ni ile ile, laki mbili na ushee hazipo. Kwa hiyo hesabu wastani upya kila mwezi.

Hatua ya 7: Muulize karai

Karatasi inakubali namba yoyote. Karai langu linatoa sahani tano kwa mkaango mmoja, na mkaango mmoja, tangu viazi kuingia mpaka kuchuja mafuta, ni dakika 12. Wateja wangu wanakuja saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku. Saa nne ni dakika 240, mikaango 20, sahani 100. Hapo ndipo mwisho wangu. 77 inaingia. 98 ya Jumamosi inaingia, lakini karai halipumui.

Sasa viazi vikipanda. Ndoo ikitoka 18,000 kwenda 24,000, viazi vya sahani moja vinakuwa 800, gharama inafika 1,400, ninachobakiwa nacho kinashuka mpaka 600. Kwa kavu peke yake: 1,600,000 ÷ 600 ni sahani 2,667, ambazo ni 103 kwa siku. Hesabu imekubali, karai limekataa.

Njia zipo tatu, na zote nimezijaribu.

Kuongeza karai la pili na mtu wa kulisimamia. Mtu ni 260,000 kwa mwezi, kwa hiyo gharama za kudumu nazo zinapanda: (1,220,000 + 640,000) ÷ 600 = 3,100, sawa na 120 kwa siku. Nafasi imeongezeka, lengo nalo limekimbia. Kama wateja 120 hawapo mtaani kwako, umejitwisha mzigo wa bure.

Kupandisha bei. Kavu ikiwa 2,500 huku ndoo iko 24,000, inabaki 1,100. 1,600,000 ÷ 1,100 ni 1,455, yaani 56 kwa siku. Maana yake hata nikipoteza wateja 21 katika wale 77 bado nafika. Kwenye daftari hii ndiyo bora. Mtaani kwangu haikufua dafu, kwa sababu 2,000 ni noti moja na 2,500 inaleta habari ya chenji, na jirani mita thelathini alibaki na bei ya zamani.

Kupunguza kipimo. Ndoo itoe sahani 36 badala ya 30: viazi 667 kwa sahani, inabaki 733, na lengo linakuwa 84 kwa siku. Karai linaiweza. Hii ndiyo niliyobaki nayo, ila kwa mpaka. Mteja wa chipsi ana mizani machoni. Ukifika sahani 40 kwa ndoo anakuuliza kama leo kuna mgonjwa jikoni.

Sahani za bure na za mkopo

Sahani ya rafiki, ya mgambo, ya "nitakupa kesho" isiyolipwa, kila moja imekugharimu 1,200. Kuirudisha hiyo unahitaji sahani moja na nusu za kulipiwa. Tatu kwa siku ni 3,600, ambazo ni faida ya sahani nne na nusu. Sisemi usimpe mtu. Amua mwanzoni ni ngapi, ziandike kwenye gharama za kudumu kama unavyoandika umeme. Mkopo usiuhesabu kuwa mauzo mpaka pesa iingie mkononi.

Kwa mwenye duka la vitu mia mbili

Duka la mtaani huwezi kuhesabu sahani. Tumia asilimia badala ya shilingi, na uwe mwangalifu ni asilimia ya nini. Kitu ulichonunua 1,000 ukauza 1,200, usiseme umebakiwa na asilimia 20. Katika 1,200 iliyoingia, iliyobaki ni 200: sehemu moja ya sita, kama asilimia 16.7. Kama gharama za kudumu ni 600,000 na unataka faida ya 400,000, unahitaji 1,000,000 × 6 = mauzo ya 6,000,000 kwa mwezi, sawa na 200,000 kila siku kwa duka lisilofunga. Ukitumia asilimia 20 utaambiwa 5,000,000 zinatosha, na utashangaa mwisho wa mwezi pengo la kama 167,000 limetoka wapi.

Kuifuata namba mpaka mwisho wa mwezi

Katikati ya mwezi piga hesabu upya. Tuseme kwa kavu peke yake, baada ya siku 10 umeuza 700. Zimebaki 1,300 na siku 16: 82 kwa siku, si 77 tena. Ni afadhali kulijua hilo tarehe 12 kuliko tarehe 30.

Kwa siku moja moja, daftari linanishinda. Mikono ina mafuta na foleni iko mbele yangu. Natumia vizibo vya soda. Asubuhi naweka vizibo 77 kwenye makopo mawili: 47 kwenye kopo la kwanza, 30 kwenye la pili. Kavu moja ikitoka, msaidizi anatoa kizibo kimoja na kukitupia kwenye ndoo. Zege ikitoka anatoa viwili, kwa sababu zege inabakiza 1,600, mara mbili ya kavu. Kwa hiyo sihitaji kujua leo zege ni ngapi kwa kumi, vizibo vinajihesabu vyenyewe. Sahani ya bure haitoi kizibo. Viazi vikibadilika bei nabadilisha idadi ya vizibo asubuhi, na kama zege si mara mbili ya kavu tena, tunakubaliana upya.

Kopo la kwanza likiisha, gharama za leo zimelipwa, mimi na kijana tukiwemo. Siku nzuri linaisha kabla ya saa 3 usiku. Siku ya mvua linabaki na vizibo kumi na kitu, na navihesabu kabla ya kufunga, navirudisha kwenye mfuko, kesho vinaongezwa juu ya vya kesho.